Kile kidogo kuliko vyote: kutafsiri “dilling”, “reckling” na “runt”

“Shikamoo Mwalimu. Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza inayotokea kwenye shamba moja la Oxfordshire, Uingereza, miaka ya 1930. Nguruwe amezaa watoto 11 na mmoja wao ni mdogo mno. Mkulima anamwita ‘dilling’. Mama mkwe wake, mtu wa Yorkshire, anamwita ‘reckling’. Mchuuzi wa mifugo anayepita anamwita ‘runt’. Kamusi yangu ina hilo la mwisho tu. Kote nimeandika ‘kitinda mimba’, mhariri amenirudishia akisema si sahihi, hakueleza kwa nini. Je, Kiswahili kina neno moja la mnyama huyo? Na kuna haja gani ya kutofautisha maneno matatu yanayotaja kitu kilekile?”

Marahaba. Mhariri wako hajakosea, ingawa mstari mmoja wa sababu ungekupunguzia kazi ya kupekua kamusi. Naona nyuma ya swali lako kuna hofu kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Ni kweli hakina neno moja la mnyama huyo linalokubalika kila mahali. Lakini kina njia ya kuwatenganisha wasemaji wako watatu ambayo Kiingereza chenyewe hakina, nayo huwezi kuiona ukitafuta kwenye kamusi neno kwa neno, kwa sababu imo katika ngeli. Nitafika huko. Kwanza tuondoe kosa.

Kitinda mimba ni neno la mpangilio. Kutinda ni kukata: kitinda mimba ni yule aliyekata uzazi wa mama yake, baada yake hakuja mwingine. Kifunga mimba ni hivyohivyo, na mziwanda pia ni mtoto wa mwisho. Katika maneno haya yote matatu hamna hata chembe ya ukubwa au udogo wa mwili. Mziwanda anaweza kuwa pande la mtu linaloinama kupita mlangoni. Halafu angalia hesabu ya nguruwe mwenyewe. Mimba yake ni siku 114 hivi, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wale watoto 11 wametoka katika mimba moja, na mama bado atazaa tena na tena. Hakuna aliyekata kitu.

Wengi hudhani aliye mdogo ndiye aliyetoka mwisho, kwamba “nafasi ilimwishia”. Sivyo kwa nguruwe, mbwa wala paka. Mfuko wa uzazi wa wanyama hawa una pembe mbili ndefu, na watoto hukaa humo wamepangana kama mbaazi kwenye ganda, kila mmoja na kondo lake. Damu haigawanywi sawasawa. Penye msongamano, kondo la mmoja hupata eneo dogo la kujishikiza, chakula na oksijeni vinapungua, na mtoto huyo anavia, yaani anakosa kukua, wiki nyingi kabla ya siku ya kuzaliwa. Kutoka kwake ni jambo jingine kabisa: anaweza kuwa wa tatu, wa saba au wa kumi na moja. Kitoto cha kawaida cha nguruwe huwa na kilo 1.3 hadi 1.5 hivi, aliyevia mara nyingi hafiki hata kilo moja.

Baada ya kuzaliwa mambo yanazidi kumwendea kombo. Vitoto vya nguruwe hugombania chuchu siku za mwanzo, na kila kimoja hushika yake na kuirudia. Chuchu za mbele, karibu na kifua cha mama, kwa kawaida ndizo zenye maziwa mengi, na wenye nguvu huziwahi. Aliyevia anasukumwa nyuma au anakosa kabisa, na mwili mdogo hupoteza joto haraka. Ikiwa katika hadithi yako mkulima anamchukua, anamweka kwenye sanduku karibu na jiko na kumnywesha maziwa ya kwanza ya mama yake, usiandike “maziwa” tu. Neno lipo, ni dang’a, na katika mandhari hiyo lina uzito, kwa sababu kinga ya kitoto hutoka humo, na utumbo wake huipokea kwa muda wa siku moja hivi baada ya kuzaliwa, kisha mlango unafungwa.

Sasa, dhana ya kwamba mdogo ni wa mwisho ilitoka wapi? Huenda ilitoka kwenye kiota. Kwa ndege wengi ni kweli tupu. Ndege anayeanza kuatamia kabla hajamaliza kutaga hupata vifaranga vinavyoanguliwa kwa siku tofauti, na wa mwisho anawakuta wenzake wamekwisha kula na kunenepa. Hapo wa mwisho na mdogo ni mmoja. Lugha nyingi zilichukua neno la kiota zikalipeleka bandani. Dorset wana “nestle-tripe”, Shropshire na Herefordshire wana “nisgal” au “nisgull”, ambalo huelezwa kuwa “kinda la kiotani”, kwa kuwa “gull” ni neno la zamani la kinda lisilo na manyoya. Kiwelisi, lugha ya Wales, husema “bach y nyth”, yaani mdogo wa kiotani, na bila haya husema pia “tin y nyth”, matako ya kiota. Wafaransa wana “culot”, ambalo nalo linatoka kwenye matako. Mengi ya maneno haya hutumika kuwaita watoto wa watu pia, wale wa mwisho nyumbani. Kwa hiyo ulipoandika kitinda mimba hukuota. Uliteleza palepale walipoteleza wakulima wa nchi nyingine karne nyingi kabla yako. Tofauti ni kwamba neno lao lilihama kutoka mpangilio hadi udogo, na letu halijahama.

Turudi kwa watu wako watatu. Swali lako la pili, kama kuna haja ya kutofautisha, jibu lake ni ndiyo, na sababu inaonekana mara tu unapofungua tumbo la kila neno.

“Dilling” ni la kusini mwa Midlands, eneo la katikati ya Uingereza: Oxfordshire na Buckinghamshire na majirani zao, kwa hiyo mwandishi amemweka mkulima wake mahali sahihi. Katika Kiingereza cha zamani neno hilo lilikuwa la mapenzi: mpenzi, kipenzi, na hasa mtoto aliyezaliwa wazazi wakiwa wamekwisha kuzeeka. Ndipo likashuka hadi kwa kitoto dhaifu cha nguruwe. Mkulima anayelitamka huenda hajui historia yake, lakini sauti ya kubembeleza imebaki.

“Reckling”, au “wreckling”, ni la kaskazini na mashariki, Yorkshire na Lincolnshire, maeneo ambayo Waskandinavia walikaa na kuacha maneno chungu nzima. Wengi hulihusisha na neno la Kinorsi cha kale “reklingr”, mtu aliyefukuzwa. Mama mkwe basi anamtaja aliyetengwa, aliyekwisha kutolewa katika hesabu. Nguruwe ni yuleyule mmoja, na hukumu zimekuwa mbili.

“Runt” ndilo lililoshinda, na ndilo lenye mitego. Miaka ya 1500 lilimaanisha kisiki kikavu cha mti. Kisha likawa la ng’ombe wa maumbo madogo, hasa wale waliosukumwa kwa miguu kutoka Wales na Uskoti hadi masoko ya Uingereza. Maana ya mtoto mdogo wa uzao mmoja inaonekana katika maandishi karne ya 19. Hadithi yako ya miaka ya 1930 haina tatizo. Lakini siku ukipewa maandishi ya mwaka 1700 ukakuta mtu ameuza “runts” 20, usimpe nguruwe waliovia. Ameuza ng’ombe wadogo wenye afya zao. Na ukikuta “runt” kwenye habari za wafuga njiwa, kaa chini kabisa: ni jina la aina ya njiwa, na ni miongoni mwa njiwa wakubwa kuliko wote wanaofugwa.

Mitego ya namna hii ni mingi, na inafaa uijue kwa kuwa anayetafsiri hadithi moja ya shambani hupewa ya pili. “Cad” sehemu za Midlands ni kitoto kilichovia, ilhali katika Kiingereza cha kawaida ni mwanamume asiye na staha. “Pitman” ni kitoto hichohicho huko Suffolk na Norfolk, lakini Durham ni mchimba makaa ya mawe. Fikiria tafsiri ambamo mchimba makaa ananyonya chuchu ya nyuma. Ukivuka bahari hadi New England, Marekani, unakuta “titman”. Cornwall wana “piggy-whidden”, na sehemu ya pili ya neno hilo kwa kawaida huelezwa kuwa neno la Kikornish la “nyeupe”. Uskoti ya kaskazini-mashariki wana “shargar”, kutoka neno la Kigaeli la kunyauka.

Ninalolipenda zaidi ni la Kent, “Anthony pig”, ambalo kwingine hutamkwa “tantony”. Mtakatifu Antoni ndiye msimamizi wa wachunga nguruwe. John Stow, aliyeandika kuhusu jiji la London mwaka 1598, anaeleza kwamba nguruwe wasiofaa kuuzwa waliondolewa sokoni, na baadhi wakafungwa kengele shingoni na watu wa hospitali ya Mtakatifu Antoni, wakaachwa wazurure wakila majalalani. Hakuna aliyewadhuru. Wakawazoea watu waliowapa mkate, wakawafuata mitaani wakilia. Ukikuta mtu anamfuata mwenzake “kama nguruwe wa Antoni”, ndiyo picha yenyewe: mdogo, asiye na soko, aliyegeuka king’ang’anizi. Neno la namna hii ukiliwekea “kilichovia” umetupa kengele yote.

Kwa nini maneno yalikuwa mengi hivyo? Kwa sababu hayakusafiri. Familia ilifuga nguruwe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, na kitoto kilichovia hakikupelekwa sokoni. Kililiwa, kilikufa au kililelewa jikoni. Jina lake lilisemwa kati ya banda na meza ya chakula, halikuandikwa kwenye risiti wala tangazo la mnada. Kati ya 1950 na 1961, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds chini ya Harold Orton walizunguka maeneo 313 wakiwa na maswali zaidi ya 1,300, wakiwauliza hasa wanaume wazee wa vijijini, na mnyama huyu alikuwa mmoja wa walioulizwa. Majibu yalibadilika kutoka wilaya hadi wilaya. Ufugaji ulipohamia kwenye mabanda makubwa, na magazeti ya wakulima na madaktari wa mifugo wakahitaji neno moja, “runt” likameza mengine. Ndiyo maana ni mchuuzi anayelitumia katika hadithi yako. Yeye ni mtu wa barabarani, anahitaji neno linaloeleweka kila kijiji. Mwandishi huyo anajua anachofanya.

Upande wetu sababu ni kama hiyo hiyo, imegeuzwa. Pwani ambako Kiswahili kilikulia hapakufugwa nguruwe, na mbuzi na ng’ombe huzaa mmoja au wawili, kwa hiyo nafasi ya kusema “yule mdogo kati ya kumi” haikuwepo sana. Tulicho nacho ni maneno ya hali. Kuvia ni kukosa kukua au kuiva, neno zuri lenye ndugu yake yai viza, lile lililoatamiwa likaharibika. Kudumaa ni lilelile kwa watu wa leo, ila siku hizi linanuka zahanati na takwimu za lishe. Mkulima wa 1930 akisema “amedumaa” msomaji atamwona amevaa koti jeupe. Kijeba ni aliyezidi umri kuliko umbo, kwa hiyo hakimfai mtoto wa siku mbili, lakini kinamfaa sana yuleyule akiwa na miezi sita na bado ni mdogo kama paka. Kibete mwache kabisa, hilo ni la maumbile ya kudumu na kwa watu lina dharau.

Una njia kadhaa. Ya kwanza ni kuandika “kitoto kidogo kuliko vyote” kila mahali. Ni salama na hakuna atakayekulaumu, lakini watu watatu wanakuwa mmoja. Ya pili ni kuacha maneno yao kama yalivyo na kuyaeleza ndani ya sentensi mara ya kwanza. Inafaa kwa neno moja, tuseme “nguruwe wa Antoni” na kengele yake. Matatu kwa mkupuo hugeuza hadithi kuwa somo. Ya tatu, ambayo watafsiri wapya huikimbilia, ni lahaja kwa lahaja: mkulima aseme Kiunguja, mama mkwe apewe Kimvita au Kipemba. Sikushauri. Msomaji ataacha kumfikiria nguruwe na kuanza kujiuliza mama huyu alifikaje Yorkshire akitokea Mombasa.

Ninayoipendekeza ni ngeli. Kiswahili kinamruhusu msemaji kuonyesha anamweka wapi mnyama kwa upatanisho tu, na msomaji analisikia hilo bila kuelezwa. Tazama:

Mkulima: “Huyu mziwanda wangu niachieni mimi. Atakula.”

Mama mkwe: “Hicho kimevia. Jumapili hakitaiona.”

Mchuuzi: “Na haka kadogo je, unakatoa kwa bei gani?”

Mkulima anatumia a-, ngeli ya wenye uhai wote, kwa hiyo kwake nguruwe huyu ni mwenye hadhi. Neno mziwanda limerudi, na hapa tu, kwa sababu mkulima halitumii kama taarifa ya nani alitoka mwisho. Analitumia kama mzazi, na “dilling” lilianza hivyohivyo. Mama mkwe anasema hicho, ki-, amekwisha kumtoa kwenye hesabu ya wanyama. Mchuuzi anatumia ka-, kidogo cha dharau na mzaha, kauli ya mtu anayeshusha bei kabla hajaulizwa. Wapo wahariri wasiopenda ka- katika Kiswahili sanifu. Waeleze kwamba iko kinywani mwa mhusika, na usiitumie hata mara moja katika sauti ya msimulizi. Msimulizi mwenyewe apewe “kitoto kilichovia”, au “aliyevia”, uchague kimoja na ukishike tangu ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo tafsiri nyingi huharibika: ukurasa wa 2 “kilitetemeka”, ukurasa wa 3 “alitetemeka”, na hakuna sababu. Ukitaka kubadilisha, badilisha mara moja tu, pale moyo wa msimulizi unapobadilika, na msomaji atalihisi.

Kwa kazi yenyewe, chukua karatasi uchore safu nne: ukurasa, neno la asili, nani analisema, na anajisikiaje anapolisema. Pitia hadithi nzima kabla hujabadilisha hata neno moja. Huenda ukakuta mama mkwe, mwishoni, anasema “dilling” badala ya neno lake. Ikiwa ndivyo, hilo ndilo tukio kubwa la hadithi, na katika tafsiri yako itabidi hicho kiwe huyu. Angalia pia kama neno linatumika kwa mtoto wa watu mahali popote. Likitumika, “kilichovia” litakuwa tusi, na mziwanda ndilo la kuliokoa.

Neno lolote la eneo usilolipata kwenye kamusi ya kawaida, litafute kwenye kamusi ya lahaja za Kiingereza ya Joseph Wright, iliyotoka kati ya 1898 na 1905. Chuo Kikuu cha Innsbruck kimeiweka kwenye intaneti. Itakuambia wilaya na maana. Haitakuambia sauti. Kama kitabu kinakwenda kuchapishwa, mtafute mtu aliyekulia wilaya hiyo na umsomee mazungumzo kwa sauti, umuulize neno hili husemwa kwa kucheka au kwa kusikitika. Upande wa Kiswahili, usitosheke na mhariri. Peleka kurasa zako kwa mfugaji wa nguruwe, msomee mandhari ya kuzaa mkiwa mmekaa banda lake likionekana, na usikilize anavyomtaja yule wa nyuma kabisa kabla hujamuuliza. Huenda ana neno la kwao ambalo mimi na wewe hatulijui. Akilitoa, andika limetumiwa wapi na kwa mnyama gani, kisha muulize mwingine wa eneo hilo kabla hujamkabidhi mkulima wa Oxfordshire.